Pagale la Garland

Mama yangu aliiona nyumba yetu ya Garland kwa mara ya kwanza kwenye simu, mwaka 2017, wiki tuliyohamia. Nilizunguka nje nikimwonyesha ukuta, madirisha, gereji. Akaniuliza kwa upole, kama anaongea na mgonjwa: “Sasa baba, lipu mtapiga lini?”

Nikamweleza kuwa huku ndivyo wanavyojenga, matofali mekundu yanaachwa yaonekane, tena ndiyo fahari yao. Akasema haya, sawa. Wiki haikuisha, ukoo mzima Morogoro ukawa unajua kwamba mimi na mke wangu tumeenda Amerika kuishi kwenye pagale, nyumba ambayo haijaisha kujengwa.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Marehemu baba yangu alikuwa fundi lipu, na si fundi wa kubahatisha. Mimi nimeshika mwiko kabla sijashika kalamu. Kila nilipotoka kazini nikaingiza gari pale, nikiyaona yale matofali yako uchi, nilijisikia kama mtu aliyeacha kazi katikati.

Mwaka 2019 mke wangu, ambaye ni nesi, akapata kazi Houston. Aliondoka mwezi wa nane na binti yetu wa miaka tisa, mtoto asije akakosa mwanzo wa shule, wakapanga fleti kule Katy, pembezoni mwa Houston. Mimi nikabaki Garland na kazi yangu ya ghala, na nikiwa na jukumu moja tu: niuze nyumba, Krismasi itukute pamoja. Kila Ijumaa naendesha gari kwa saa nne na zaidi kwenda kwao, Jumapili narudi. Kila Alhamisi binti yangu ananipigia, anauliza neno moja: “Saturday?” Nami namjibu, ndiyo mama, Jumamosi utaamka unikute.

Dalali wetu alikuwa mama mmoja Mkenya, mtu wa maneno machache. Alizunguka nyumba mara moja. “Paka rangi mlango na mbao za kwenye madirisha, badilisha taa za nje, panda maua. Hizo brick usiguse, watu wa hapa wanazipenda hivyo.”

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilimtazama, nikasema moyoni, huyu anamfundisha nani ukuta? Nyumba ina miaka zaidi ya arobaini, tofali zimefifia, nani atainunua ikiwa hivyo? Nikaenda kununua saruji na mchanga.

Nilipopiga magoti kusafisha ukuta chini, nikagundua jambo. Kwenye mstari wa tofali wa chini kabisa, kila baada ya hatua moja, aliyejenga alikuwa ameacha upenyo bila saruji, unaingiza kidole. Nikacheka peke yangu. Baba angemfukuza fundi wa namna hiyo siku hiyo hiyo. Nikaziba zote, moja baada ya nyingine, nikashindilia kwa kijiti mpaka zikajaa.

Lipu ya mbele na ya ubavuni ilinilia wikendi nne. Juu nikapaka nyeupe. Chini, mpaka usawa wa goti, nikazungusha rangi ya mafuta ya kahawia, ile ya kuzuia tope la mvua lisichafue ukuta. Garland hakuna tope la kuruka, nyasi zimefika mpaka msingini, lakini nyumba bila mkanda ule naiona kama mtu aliyevaa suti akasahau viatu. Wikendi zote nne sikwenda Katy. “Tumekuomba uuze nyumba,” mke wangu akaniambia kwenye simu, “wewe unajenga.” Nikamjibu vibaya. Binti yangu alipouliza neno lake, nikamwambia wiki ijayo, mama. Akasema, “It's okay, Daddy.”

Dalali aliporudi alisimama barabarani, akautazama ukuta juu mpaka chini. “Umefanya nini, bwana?” ndilo pekee aliloniuliza. Hata hivyo alileta wateja. Krismasi ilipita tukiwa tunasubiri. Januari ndipo walipopatikana mke na mume vijana, wakakubali bei, wakamtuma mkaguzi wao wa nyumba. Ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole. Alichomeka kidude cha kupimia unyevu, chenye sindano mbili, kwenye ukuta wa sebuleni, chini ya dirisha, kikalia. Akachomeka pembeni, kikalia tena. Akatoka nje, akachuchumaa, akapapasa mkanda wangu wa kahawia kwa kiganja. Akaniuliza matundu ya kutolea maji yako wapi. Nikamwambia, kwa kujidai kabisa, kwamba nimeyarekebisha.

Hakunicheka. Alinieleza polepole kwamba hayo matofali hayabebi kitu. Nyumba yenyewe ni ya mbao, tofali ni vazi lake tu. Mvua hupenya nyuma ya tofali, hushuka, hutokea kwenye yale matundu niliyoyaziba. Kwetu tofali ndiyo nyumba. Miaka miwili na zaidi nimelala ndani ya mbao nikidhani nimelala ndani ya tofali, na maji nimeyafungia humo kwa mikono yangu, kwa ufundi wa baba yangu.

Wale vijana wakajitoa siku ile ile. Nilipobandua ubao wa ukuta wa sebuleni nikakuta ukungu mweusi na mbao zimelainika, unabonyeza kwa kidole. Mke wangu nilipomweleza alisema tu, “Haya, nimesikia,” akampa mtoto simu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikaanza kubomoa nilichojenga. Ikaingia Machi, dunia ikafungwa. Nyumba haionyeshwi tena kwa mtu. Mke wangu akawa anahudumia wagonjwa wa ugonjwa ule, akaniambia nisije, hajui anachorudi nacho nyumbani, na sisi ghalani hatujafunga hata siku moja. Nilikuwa na gari na mafuta, na sina pa kwenda. Nilikichukia kila chumba cha nyumba ile.

Alhamisi moja ya Aprili nilikuwa nimechuchumaa nje na tindo, natoboa yale matundu upya, mama akapiga. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo. Ukuta wa juu ulikuwa bado mweupe, na jua lilikuwa linaupiga. Mama akatabasamu. “Ee, sasa hiyo ndiyo nyumba, mwanangu. Hapo hata ukizeekea humo, sawa.”

Nikamwambia asante, mama.

Jioni binti yangu akapiga. Akanisimulia masomo ya kwenye kompyuta, akanisimulia keki waliyooka na mama yake ikaungua. Nikangoja neno lake. Akaniaga vizuri tu, akakata, na Jumamosi hakuiuliza.