Dubu wa Kwanza wa Baba

Juzi niliteremka kwenye tramu mtaa wa Laeken, mahali ambapo sina shughuli tena. Nilikuwa natoka kwa Mama, siku chache baada ya arobaini ya Baba, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye mlango wa karakana ya Patron. Siku hizi wanauza baiskeli mle ndani. Mwuzaji aliniuliza kama nataka ya mtu mzima au ya mtoto, nikatoka kama mtu aliyeingia kuiba.

Wewe usiyeijua karakana ile, acha nikuambie. Patron, ndivyo tulivyomwita bosi wa Baba, alikuwa mzee wa Kiflamandi asiye na mke wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kuwatengeneza wanyama waliokufa wasimame kama wazima. Watu walimletea mbweha, bundi, vichwa vya paa, hata paka waliopendwa kupita kiasi. Baba alianza kwake kwa kufagia. Kisha akapewa kuchuna, kisha kushona, na nilipofika miaka kumi alikuwa anamaliza mnyama mdogo peke yake, Patron akitazama tu na kiko chake mdomoni. Kule kanisani kwetu, akina mama wa Bukavu walimtania, wakisita kumpa mkono: "Papa, ulinawa kweli?" Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, usisahau hilo.

Mimi nilifikia hapo kila nikitoka shule, nikingoja amalize turudi nyumbani pamoja. Nilipewa kigoda changu karibu na jiko la gesi, nikala mkate wa chokoleti huku mvua ikigonga paa la kioo na redio ikisema Kiflamandi. Harufu ilikuwa ya gundi, chumvi na ngozi mbichi. Mama aliichukia, akaanika makoti yetu barazani hata wakati wa theluji. Kazi yangu ilikuwa kupanga macho ya kioo kwenye droo zake: ya bundi huku, ya mbweha kule. Nilijiona fundi mkubwa. Baba akikunja kola ya ngozi juu ya shingo ya mnyama, aliniambia msemo aliotoka nao kwao, "Ngozi ivute ili maji," na kwa kazi ile haukuwa hata methali, ulikuwa maelekezo: vuta ingali na maji.

Mwaka ule Patron alimwambia Baba neno kubwa. Nyonga yake ilikuwa imekwisha, hospitali ilimngoja. Wiki hizohizo akaja bwana mmoja wa Ganshoren na ngozi ya dubu mweusi, dubu wake wa kwanza, aliyemwinda Kanada. Bwana yule alikuwa mkubwa wa kundi zima la wawindaji, na akiridhika yeye, wenzake wote wangekuja. Patron akamwambia Baba: mtengeneze wewe. Akitoka vizuri, jina lako nitaliandika kwenye kioo cha mlango chini ya langu, na nikistaafu karakana ni yako. Baba alilirudia hilo nyumbani mara tatu, Mama akamwambia akae chini ale kabla fufu haijapoa.

Lakini yule bwana hakujua amtakeje dubu wake. Jumamosi tatu mfululizo alikuja na mkewe, wakafungua katalogi ya mikao juu ya meza. Yeye alimtaka amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu, lakini dari ya nyumba yao ilikuwa fupi. Mkewe alimtaka awe zulia. Bwana akasema hatamkanyaga mnyama aliyemfuata siku sita. Walitazama kichwa cha ukutani, walitazama anayetembea, walitazama aliyekaa kama mtu aliyechoka. Mwishowe wakaafikiana: miguu minne chini, kichwa kimegeuzwa, kinywa wazi, meno yote nje. Baba akaandika hivyo kwenye karatasi na bwana akatia sahihi.

Picha ile ya kinywa wazi ilibandikwa ukutani, sawasawa mbele ya kigoda changu. Niliiogopa mpaka mkate ukanishinda kumeza. Siku moja, Patron akiwa amekwisha kulazwa, nilimwambia Baba: "Papa, mufunge kinywa. Iko inaniangalia."

"Ni client ndiye alichagua, maman," alinijibu. Ndivyo alivyoniita, maman, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Bon, tutaona."

Yakapita majuma mawili, matatu. Mwezi wa mitihani ulikuwa umefika, na Mama alinishikia kitabu hata wakati wa kula. Kiwiliwili cha povu gumu kilipoletwa karakanani, nilikitambua kutoka kwenye katalogi, na hakikuwa kile kilichotiwa sahihi. Kilikuwa cha dubu aliyelala, kidevu juu ya mikono. Baba alimvalisha ngozi. Akaibana midomo kwa pini moja moja, mdomo kwa mdomo, isiachane wakati wa kukauka. Macho niliyomchagulia, yale ya kahawia niliyoyasugua kwa pindo la sketi yangu, hakuyatumia. Alishusha kope zote mbili kwa kidole gumba, akazishikilia muda mrefu, mpaka nikauliza kama amejichoma na sindano.

Nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda shuleni nikawaambia wenzangu kwamba baba yangu amefunga kinywa cha dubu kwa sababu mimi nimesema.

Bwana wa Ganshoren alikuja na wenzake wawili. Baba alivaa shati la kanisani. Alipotoa shuka lililomfunika dubu, mmoja wa wale wageni akavua kofia yake, nadhani bila kujijua. Kisha bwana akawa mwekundu. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo: sasa kila atakayeingia kwangu aseme nilimpiga risasi akiwa usingizini? Baba alisimama na shuka mkononi. Alikuwa na maneno mengi ya Kifaransa, mazuri, lakini siku ile alitoa moja tu, pardon.

Patron aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alimzunguka dubu mara mbili, akamgusa kope. Alisema hajapata kuona kazi nzuri namna ile. Halafu akasema mteja ndiye anayeishi na mnyama, si fundi, na fundi asiyeweza kulikumbuka hilo hawezi kuachiwa mlango. Ngozi ililoweshwa upya ibanduliwe, dubu atengenezwe kinywa wazi, na kope zikachanika. Kiangazi hicho Patron aliuza karakana kwa mtu mwingine. Baba alipata kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na aliifanya miaka yote iliyobaki kwa moyo mmoja, lakini sindano hakuishika tena hata kwa kifungo cha shati. Mama ndiye aliyeshona.

Nami nikakua nikijua kwamba ni mimi niliyemponza. Sikuwahi kumwambia. Kila nilipomwona akitoka kazini na mikono iliyolika kwa sabuni, nilijiambia: kesho nitamwomba msamaha. Unajua kesho za watoto, na za wakubwa ndizo hizohizo.

Nilimwambia Mama tu, juma lililopita, tukiosha masufuria ya arobaini. Alifunga bomba akanitazama kana kwamba nimezungumza Kichina.

"Weye uliomba kinywa," alisema. "Macho, ni nani aliomba?"

Nikaweka sufuria chini.

"Maman ya papa yako alikufaka, donc. Trois semaines, juma tatu, mbele tukuambie. Tulingojaka umalize examens."

Nilikumbuka matanga ya nyanya, viti vilivyoazimwa kanisani, watu wamejaa hadi ngazini. Nilidhani kafa siku ile niliyoambiwa, baada ya mtihani wa mwisho. Kwetu mtoto hapewi msiba kabla ya mtihani, na hilo nalijua, nami nimewafanyia wanangu hivyohivyo. Lakini sikuwahi kuhesabu. Kwao Baba, mtoto wa kwanza ndiye anayemfumba mzazi macho na kumfunga kinywa, asiende akiwa wazi. Na Baba alikuwa mtoto wa kwanza, mwenye karatasi ya mkimbizi, ile inayokupeleka kote isipokuwa nyumbani. Simu ya msiba ilimkuta karakanani, peke yake na ngozi iliyolowa.

Baba hayupo, Patron hayupo, na yule dubu sijui yuko nyumba gani na meno yake yote. Ningependa kukuambia nimepata nafuu kujua kosa halikuwa langu. Sikupata. Kosa lilikuwa kitu changu, nilikuwa nimelizoea.

Kinachonimaliza ni jambo dogo ambalo sikulitia maanani hadi nilipokuwa nimesimama nje ya lile duka la baiskeli. Jioni moja ya majuma yale tulikuwa tunakwenda kituoni, nami nikimlalamikia Baba kwamba dubu wake sasa hatishi hata sisimizi, aonyeshe basi yeye mwenyewe dubu anavyonguruma. Alikuwa na siku nne tangu ile simu, nimehesabu. Aliweka mfuko chini kwenye lami iliyolowa, akainua mikono yote miwili, akanguruma. Watu waligeuka. Nilicheka mpaka nikashika koti lake nisianguke, nikamwambia, "Encore, papa." Akanguruma tena, kwa nguvu zaidi, na machozi yakamtoka, na mimi nikayafuta kwa mkono wangu nikiendelea kucheka.