Maurine na Kuku wa Mutuini

Maurine wangu alianza utafiti kabla hajajua kufunga vifungo vya sweta. Msicheke. Hapa mtaani Woodley, alikuwa akipita kwa jirani lazima afunue sufuria. Alizunguka nyumba za watu pua mbele, akiuliza, "Leo mnakula nini? Kwa nini hamkupika wali? Hizi nyanya mmenunua wapi?" Majirani waliniletea mashtaka hadi kwenye cherehani yangu. Millicent, huyu mtoto wako ametumwa na nani kutupeleleza? Nami nikawaambia, mwacheni, akikua ataacha.

Wapi! Alienda chuo kikuu akasomea hayo hayo.

Niseme mapema kwamba sikumzaa. Ni mtoto wa kaka yangu, nami ni shangazi yake; kwetu Bungoma tunasema senge. Mamake alipofariki aliletwa Nairobi kwangu, tukalala kitanda kimoja mpaka mateke yake yakanishinda nikamnunulia chake. Nimeshona sare za shule za watoto wa mtaa huu wote, na vitambaa vilivyobaki nilimshonea yeye. Kwa hivyo nikimsema, nina haki. Mwingine akimsema tutakosana.

Basi akamaliza shahada ya kwanza, akaingia ya pili. Kilimobiashara. Nilimuuliza hiyo ni kitu gani, akasema ni kujua chakula kinatoka wapi, kinauzwa vipi, na mtu akisimama mbele ya kibanda na hela kidogo mkononi, kwa nini anachukua hiki na kuacha kile.

"Si anachukua anachoweza?" nikamwambia.

"Senge, hivyo ndivyo kila mtu anadhani. Mimi nataka nione."

Chuo kikamtuma Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, kule ambako mashamba ya wenyeji yanaliwa polepole na nyumba za kupangisha. Alipewa familia zilizotoka magharibi, watu wetu wale wa mjengo, wa vibarua, wa vioski. Kazi yake ilikuwa kukaa jikoni wakati wa chakula cha mchana, aone kinachopikwa, kisha aulize kimenunuliwa wapi na kwa nini. Sasa, chuo kina sheria zake. Moja ni kwamba huvamii nyumba ya mtu: unapiga simu mapema, unampa siku, yeye anakubali. Nyingine ni kwamba ulichokiona kwa watu ni siri, hata senge wako humwambii. Ile ya kwanza ndiyo ilituletea kizaazaa, na ile ya pili ndiyo ilinifanya nisijue lolote.

Mimi nilichoona ni kwamba ameanza kukataa chakula changu. Napika jioni, natenga, yeye anakaa pale anachezea simu. "Nimeshiba, Senge." Umeshibia wapi? "Kazini." Leo kazini, kesho kazini. Halafu sketi nilizomshonea kwa mikono yangu zikaanza kumbana, nikawa mtu wa kufumua mishono ya kiunoni kila wakati. Mimi si wa kuzungukazunguka. Nilimuuliza moja kwa moja, "Maurine, una mimba?" Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilikasirika sana siku hiyo, maana nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia babake.

Kumbe huko chuoni mambo yalikuwa moto. Matokeo yake yalimshangaza kila mtu. Msimamizi wake, Daktari Mbithe, mama wa Kikamba ambaye nasikia huwa hacheki ovyo, alimwambia hajawahi kuona kitu kama hicho: watu wa kipato kidogo, nyumba baada ya nyumba, na karibu zote zinakula kuku. Kuku wa kienyeji! Kampuni moja ya kuuza nyama ya kuku ikapata habari, na bwana wao wa masoko, anaitwa Dedan, akaanza kumpigia simu Maurine kwa heshima kubwa. Wanataka kufungua duka kubwa Mutuini. Maurine awasomee tu matokeo kwenye ofisi zao Westlands, na wao watamlipia karo yote iliyobaki. Karo hiyo ndiyo iliyokuwa inatunyima usingizi. Bila hiyo, masomo yangekufa pale pale katikati.

Mtauliza, yeye mwenyewe Mluhya, Mbukusu mzima, hakushuku kitu? Angeshuku vipi? Amekulia hapa Woodley. Kijijini tulikuwa tukienda Desemba, na kila boma tulilokanyaga tulikuta kuku yuko jikoni. Mtoto akakua akijua kwamba watu wa kwetu ndivyo wanavyokula mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba tukishageuza mgongo wanarudi kwenye maharagwe yao.

Ni sweta iliyomfumbua macho. Aliisahau Mutuini kwa Mama Sifuna, mke wa fundi mmoja wa mawe anayeitwa Sammy. Kesho yake akiwa njiani kwenda nyumba nyingine, akaona apitie aichukue. Hakupiga simu. Kwani sweta inahitaji miadi?

Akabisha, akaingia, akamkuta Mama Sifuna na watoto wamezunguka ugali na mboga ya mrenda. Hakuna kingine. Mama Sifuna akashtuka mpaka akafunika bakuli na leso yake. "Woi, Maurine! Mbona hukusema unakuja?" Na kabla Maurine hajajibu, mama wa watu ameshatoka nje, anaita majirani kwa Kibukusu, nani ana kuku, nipe nitakurudishia, nimepata mgeni! Jirani mmoja, Everlyn, akatoka mbio na wake, yule wa mayai, kuku mwenyewe akateleza mkononi mwake akaanza kuzunguka ploti nzima ya nyumba za kupangisha, wanawake nyuma yake na kanga zimepandishwa magotini.

"Mama Sifuna, wacheni! Nimefuata sweta tu!"

"Mgeni hawezi kula mrenda kwangu. Watu watasemaje?"

"Lakini nyinyi si huwa mnakula kuku?"

Mama Sifuna akasimama, akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. "Tunakula," akasema. "Krismasi, na siku ukija wewe."

Maurine alifika nyumbani uso umevimba kwa kulia, sheria ya siri akaitupa mbali, akanieleza yote. Mimi nikafanya nini? Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikalalia cherehani. Akilini nilimwona mtoto wangu anavyoenda huku na huku Mutuini, kila anapokanyaga kuku wanakimbilia vichakani, na yeye anaandika tu, wanapenda kuku, wanapenda kuku.

"Senge, si mchezo!" akanifokea. "Wameazimana kuku kwa sababu yangu. Everlyn alikuwa karibu kumchinja yule anayemlisha kwa mayai. Na kila nilichoandika ni uongo."

Hapo nikaacha kucheka. Nikafikiria karo. Nikamwambia maneno ninayoyakumbuka vizuri, na sioni haya kuyarudia, kwa sababu hata leo sijui mzazi gani angesema tofauti: "Nyamaza. Uliona kuku, uliandika kuku. Umedanganya wapi? Soma matokeo yako, ulipiwe, umalize. Duka likikosa wateja, ni shida ya Dedan."

Alikula ugali wangu usiku huo, wote, bila kusema nimeshiba.

Siku ya Westlands ilipofika nilimsindikiza. Nilivaa vitenge vyangu vya kanisani, nikakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa katika chumba cha vioo, huko juu ambako magari ya chini yanaonekana yamesimama tu hayaendi. Dedan alikuwa ameshatundika ukutani picha ya duka lenyewe, rangi nyekundu na njano, na watu wamejipanga foleni wakitabasamu. Daktari Mbithe alikaa mbele, mikono imekunjwa. Chai ililetwa na vitafunio, na nitawaambia ukweli, vipande vya kuku vilivyokaangwa. Maurine hakugusa.

Akasimama. Akasema habari za asubuhi. Kisha akasema, "Naomba msijenge lile duka kwa sababu yangu. Watu wa Mutuini hawali kuku kila siku. Wanakula kuku siku nikienda."

Dedan akatabasamu, akidhani ni utani.

"Mimi ni mgeni," Maurine akaendelea. "Nawapigia simu mapema, kwa hivyo wananitayarishia. Mgeni wa kwetu anachinjiwa. Nimekuwa nikijipima mwenyewe miezi yote hii."

Nilitaka nusu nimpige, nusu nimkumbatie. Dedan alikusanya karatasi zake taratibu. Hakuwa mtu mbaya, alimshukuru kwa adabu zote, lakini ahadi ya karo aliondoka nayo. Ndipo nikasikia sauti ya ajabu huko mbele, nikadhani mtu amepaliwa. Daktari Mbithe alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanaruka. Alivua miwani akafuta macho, akasema, "Na mimi niliyasoma yote nikasaini."

Alivyotulia alimwambia Maurine hivi: ufadhili mdogo wa chuo upo, anaweza kumwombea, lakini wakubwa watataka matokeo mapya, ya kweli, kabla mwaka wa masomo haujaisha. Asipoyapata, nafasi inakwenda kwa mwanafunzi mwingine. "Miadi tutaitafutia njia," akasema. "Watakubali mara moja, halafu unakuja wakati wowote. Lakini kuku, sijui utamzuia vipi."

Maurine alijua. Wiki hiyo hiyo alifunga godoro akahamia Mutuini, chumba kimoja katika ploti ya akina Mama Sifuna. Wee, nilinuna! Nyumba ilikuwa kimya, nikawa napika ugali wa watu wawili kwa mazoea na kuula peke yangu kwa hasira.

Mwanzoni ilikuwa ni hasara tupu. Amehamia, wanamkaribisha kwa kuku. Amefungua mlango, anaitwa kwa kuku. Alinipigia simu akiwa karibu kulia. "Senge, wamechinja tena!" Nikamwambia avumilie, hakuna mtu anayechinjia mtu anayemwona kila asubuhi akipiga mswaki. Na kweli, kuku wakageuka mayai. Mayai yakageuka maharagwe. Alifua nao kwenye sinki moja la nje, akapanga foleni ya maji nao, akamsuka binti wa Everlyn vibaya mpaka ikabidi afumuliwe. Siku moja akapiga simu akifoka kwamba Mama Sifuna ametupa nguo zake chini kutoka kwenye kamba na kuanika blanketi. Walirushiana maneno ploti nzima ikatoka kusikiliza. Nilimpa pole mdomoni. Moyoni nilipiga vigelegele, kwa maana mgeni hatupiwi nguo.

Lakini bado hakuwa na uhakika. Mwaka ulikuwa unakimbia, na kila alichoandika alijiuliza, hiki ni chakula chao, au ni changu mimi mgeni? Akaniomba niende kumwona.

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepiga simu, kama mtu mwenye adabu. Nikakaribishwa kwa Mama Sifuna, nikapewa kiti chenye kitambaa kilichofumwa, watoto wakaja kunisalimia mmoja mmoja wakiinama. "Senge wa Maurine! Karibu, karibu sana, keti, umechoka." Nikasikia kule nje kelele ambayo naijua tangu utotoni, ya mabawa na wanawake wanaokimbia.

Kisha sauti ya Mama Sifuna: "Maurine! Unakaa tu hapo? Shika huyu kuku umnyonyoe, senge wako ana njaa!"

Nikachungulia mlangoni. Mtoto wangu amechuchumaa kando ya beseni la maji moto, manyoya yamemganda mpaka kwenye nyusi. Everlyn akatoka jikoni na sahani, akamwekea chini bila hata kumwangalia. Kiporo cha ugali wa jana, kimekatwa vipande, na kikombe cha chai ya rangi.

"Wewe kula hiyo haraka," Everlyn akamwambia. "Kuku ni ya mgeni."

Maurine akaangalia ile sahani. Akaniangalia mimi. Ugali baridi na chai! Hakuna nyumba ya Mluhya itakayompa mgeni kitu kama hicho, afadhali wafunge mlango wajifanye hawapo. Akachukua kipande, akachovya kwenye chai, akatafuna huku machozi yanamteremka na meno yote yako nje.

"Kwani unalia nini?" Mama Sifuna akamuuliza. "Chai haina sukari?"

"Iko sawa, mama," akasema. "Iko sawa kabisa. Hii unga mlinunua wapi?"

"Si wewe ndiye tulikutuma juzi?"

Nikaitwa mezani. Wakaniwekea paja zima na mchuzi, nikala peke yangu kwenye kiti chenye kitambaa, nikimsikiliza mtoto niliyemlea akigombezwa huko nje kwamba ameacha manyoya shingoni.