Oili Iligeuka Chai ya Maziwa, Nikasema Ni Jasho

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata akili ya kujitetea, maana mdomo wangu naujua, ukiachiwa utasema mengine.

Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Tunduma. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde yakisumbua giaboksi, madereva wanaulizana, mwisho wanaletwa kwangu. Nimesifiwa mpaka nikalewa sifa. Kichwa kilivimba, jamani!

Mdogo wangu wa kike, nitamwita Rehema ingawa si jina lake, ameolewa huko chini bondeni Momba, ukishapita Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa. Mumewe analima mpunga, na ana boti ya mbao yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani. Masika barabara ya kijijini kwao humezwa na maji, basi boti ile ndiyo gari lao. Mchele humo, wagonjwa humo, hata wanaokwenda msibani.

Masika ya mwaka jana yakiwa yameanza, shemeji akanipigia simu.

"Shemeji, nimechomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Imekuwa nyeupe nyeupe, kama chai ya maziwa. Hii ni kawaida?"

Si kawaida! Yeyote aliyeshika spana anajua oili ikigeuka hivyo imeingiliwa na maji. Nikafunga vifaa vyangu, nikashuka bondeni.

Nilimkuta Rehema ana tumbo kubwa. Ni mimba waliyoisubiri miaka, mpaka watu walishaanza kusema. Akanipikia wali na samaki, huku ananitania, "Mjomba mtu, umefuata boti au umenifuata mimi?"

Nikaingia botini, nikaimwaga ile oili. Ilitoka nzito kama uji. Kilichobaki kilikuwa kutafuta maji yalikoingilia, na hapo ndipo nilipokwama. Boti ile ina kipozeo, mirija ya shaba ndani ya kopo, maji ya ziwa yanapita mirijani kuipoza oili. Lori halina kitu cha namna hiyo. Nilikuwa sijawahi kukifungua maishani mwangu. Nikakizungukazunguka, nikakigonga kwa bisibisi kama mtu anayejua anachokifanya.

Na watu walikuwa wamekaa ukingoni wananitazama. Fundi wa Tunduma!

Ningesema tu, "Jamani, hiki sikijui, tutafute fundi wa boti." Sikusema. Tena kulikuwa na dereva Mzambia ananipigia simu kila saa, "Mudala," yaani mzee kwa lugha yao, "lori langu linatoka lini?" Nikataka kuondoka.

Nikasafisha giaboksi kwa dizeli, nikaweka oili mpya, nikapangusa mikono.

"Ilikuwa nini, shemeji?" akauliza.

"Jasho tu. Chuma kikipata moto halafu kikapoa, kinatoa jasho kwa ndani. Imekwisha hiyo."

Akanishukuru sana. Akanifungashia mchele, nikaupokea bila haya.

Hazikupita siku nyingi akapiga tena. Nilikuwa nimelala chini ya lori, mikono imejaa grisi, simu nimeibana kwa bega.

"Shemeji, imerudi. Nyeupe vile vile. Na sasa nikiweka gia inachelewa kushika."

"Hayo ni mabaki ya ile ya zamani. Endesha tu, itajisafisha yenyewe."

"Nisiipumzishe kwanza? Rehema siku zake zimekaribia, na ni boti hii hii naitegemea."

"Shemeji, nani fundi, mimi au wewe?"

Nilimjibu hivyo. Na vijana wa gereji wakacheka, nami nikafurahi kuchekewa. Yeye akasema, "Wewe, shemeji." Simu ikakatika.

Uchungu ulimshika Rehema asubuhi. Barabara haipitiki. Wakampandisha kwenye boti pamoja na mama mmoja mkunga wa pale kijijini, shemeji akishika usukani, waelekee kituo cha afya ng'ambo. Walipokuwa katikati ya maji, gia ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, propela haizunguki. Akarudisha nyuma, akaweka mbele, hakuna kitu! Upepo ukawachukua ukawaingiza kwenye matete, boti ikakaa kwenye tope.

Pale pana mamba. Hakuna mtu wa kule anayeshuka majini sehemu ile. Shemeji alishuka. Akasukuma maji yakimfika kifuani, anasukuma huku anaita jina la mkewe, na boti haikutoka.

Wavuvi waliwaona jua likiwa limeshaanza kushuka. Mtoto alikuwa amezaliwa humo humo botini, kitovu kimemzunguka shingoni. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Mungu wangu!

Nanyi msidhani niliishia hapo. Nilifanya baya kuliko hilo.

Tulipokusanyika kwa msiba, baba yetu alikuja kutoka Igamba. Mbele ya ndugu wote akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Hebu tueleze, boti ilipatwa na nini?"

Shemeji alikuwa amekaa mkekani, miguu imechanwachanwa na matete. Akainua uso kunitazama.

Nikasema, "Giaboksi iliingia maji, baba. Ile inatakiwa kuangaliwa mara kwa mara. Mtu akizembea kuangalia, ndiyo hivyo."

Nilisema hivyo! Kinywa hiki! Sikumtaja mtu, lakini macho ya watu wote yalimwendea yeye. Nikakaa nangoja aseme, "Mbona nilikupigia simu?" Akafungua mdomo, akamtazama Rehema aliyekuwa ameegemea begani kwangu, akaufunga.

Baba akaondoka na binti yake kwenda Igamba. Shangazi zetu wakasema mwanaume yule ni mzembe, ameua. Rehema akawa hapokei simu za mumewe. Na mimi, muuaji mwenyewe, nikawa napanda Igamba kila Jumapili na matunda na sabuni, ananishika mkono ananiambia, "Kaka, bila wewe ningekufa."

Mjue nilivyokuwa nasikia nikiambiwa hivyo. Nilikuwa nikitoka pale, nasimamisha bodaboda njiani, nashuka, natembea peke yangu.

Ikafika mahali sikuweza tena. Nikashuka bondeni. Shemeji alikuwa ameiegesha boti ukingoni, hajaigusa tangu siku ile. Nikamwomba ruhusa, nikakifungua kile kipozeo, taratibu, bolti moja moja. Kumbe hata hakikuwa kigumu! Mrija mmoja wa shaba ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, una tundu dogo ambalo hata ncha ya kalamu haipiti. Nikampa auone.

"Shemeji," nikamwambia, "ulipouliza nilikudanganya. Sikuijua kazi hii. Na msibani nikakubebesha mzigo wangu."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu ulipokuwa unasema pale mbele ya mzee, nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaugeuzageuza ule mrija mkononi. "Rehema alikuwa amemzika mtoto siku ile. Mimi alikuwa ameshanikasirikia. Ningekusema na wewe, angemlilia nani? Nikaona nimwachie kaka yake."

Nikakaa chini kwenye tope, nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza, wala hakunipiga. Afadhali angenipiga!

Kesho yake nikapanda Igamba. Rehema alikuwa uani anachambua maharage, baba amekaa kwenye kigoda. Nikaeleza yote, sikuficha hata lile la vijana kucheka. Baba alishika kichwa. Rehema akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza, ndipo akauliza kitu kimoja tu.

"Mara ya pili, ulipomwambia aendeshe tu, ulikuwa unajua mimi ndiye nitakayepanda?"

"Aliniambia."

Akasimama, akaingia ndani, akatoka na begi. Baba akataka kumzuia. "Baba, nakwenda kwangu," akasema. Akanipita kama anapita nguzo.

Amerudi kwa mumewe. Boti ilitengenezwa na fundi wa boti kutoka upande wa pili wa ziwa, naambiwa inakwenda vizuri. Shemeji huwa anapokea simu yangu, anasema, "Tuko wazima." Nikisikia sauti ya Rehema nyuma yake, inanyamaza. Baba haniiti tena kwenye vikao vya ukoo. Sina wa kumlaumu!

Mafundi wenzangu, nawasihi. Oili ikigeuka rangi, msibadilishe oili mkajiona mmemaliza kazi. Tafuteni maji yalikoingilia, na chombo kisiguse ziwa mpaka mmepaona. Na wewe mwenye chombo, fundi akikujibu "nani fundi?", tafuta mwingine siku hiyo hiyo, hata kama ni ndugu yako.

Kama hujui, sema hujui. Watu watakucheka, watakwenda kwa fundi mwingine, na utaamka kesho ndugu zako wote bado wanakuita kwa jina lako.

Mimi, mdogo wangu haniiti tena.