Mahindi Yatapita, Simiyu Hapana

Ndugu yangu mdogo, Simiyu, alikufa ugenini akichomelea paa la ghala. Nchi aliyofia ina rais, polisi na noti zake, lakini serikali yetu haiitambui. Ubalozi wa nchi inayodai eneo hilo ulinijibu kwamba hauna mtu kule. Kisha nikasikia mwakilishi wa hao wasiotambuliwa amekuja Bungoma kutafuta mahindi. Ndiyo sababu tulitoka Kitale alfajiri, mimi na mama.

Kiminini tulinyeshewa. Jirani yetu Kamau alikuwa ametupa nafasi kwenye pikapu yake ya viazi, mama mbele, mimi nyuma chini ya turubai.

Misikhu, Kamau alisimama kushusha magunia. Mama hakushuka.

"Huyo mtu atatupatia Simiyu leo?"

"Tutaongea naye, mama."

"Si kuongea nimeuliza."

Bungoma tulifika adhuhuri. Wageni walikuwa hotelini, karibu na stesheni ya reli, wakila kuku na maafisa wetu. Mmoja wa maafisa hao alitupokea mlangoni akiwa amekunja kibendera cha wageni alichokitoa mezani.

"Mwiteni mgeni tu. Ati balozi, hapana. Mtaniletea shida."

Mwakilishi alikuwa mzee mwembamba, suti imempwaya. Aliinuka akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama. Mwili umehifadhiwa vizuri. Kibali cha kuusafirisha nimesaini mwenyewe."

"Basi aletwe," nikasema.

"Nairobi hawakubali sahihi yangu. Wanataka ya serikali ambayo haijakanyaga mji wetu tangu nikiwa kijana."

Nikamgeukia yule afisa. "Na mahindi? Yatapita?"

"Mahindi ni biashara, bana. Maiti ni mambo ya nje."

Alisema hivyo mbele ya mama yangu, mdomo ungali na mafuta ya kuku. Nilitamani kumpiga. Mama alinivuta shati, akamwambia mwakilishi, "Basi mzikeni. Mtafutieni mchungaji. Asije akaonekana hana kwao."

Mzee yule aliinamisha kichwa.

Tukirudi, mama alimwomba Kamau asimamishe gari Kamukuywa. Alishuka, akalia kando ya barabara, akapanda tena.

Nyumbani Kitale tulizika mgomba, kama wafanyavyo watu wetu maiti isipopatikana. Nilichojifunza ni kichungu: wakubwa hukana nchi kwa maneno, huku wakila nayo meza moja, na anayelipia ukanaji huo ni mama wa fundi.

Mwezi uliofuata mwakilishi alipiga simu. Simiyu amezikwa, mchungaji alipatikana, na mama akitaka kuliona kaburi, viza ataitoa yeye mwenyewe.

Nilimweleza mama. Alikuwa akipukuchua mahindi, mikono ikasimama.

"Nikienda nikafia huko," akaniuliza, "utamwomba nani anirudishe?"