Kitunguu Saumu cha Gaku

"Simo," alisema Gaku mbele ya tableti ya mlangoni, na buti zake zilizojaa theluji hazikusogea.

Na kweli hakuwamo. Watoto wa chekechea hawajui kusoma, wanajua alama zao: huyu konokono, yule nyangumi, mwingine stroberi, na alama ya mtoto ndiyo hubandikwa kwenye rafu ya viatu, kikombe na taulo yake. Gaku, miaka minne, alikuwa kitunguu saumu. Alikichagua mwenyewe, kwani baba yake, kama nusu ya wilaya yetu hii ya Aomori, kaskazini mwa Japani, ni mkulima wa vitunguu saumu. Sasa ilikuwa imeletwa programu ya mahudhurio, kila mtoto anabonyeza alama yake mlangoni. Konokono alionekana. Nyangumi alionekana. Kitunguu saumu kilikuwa kisanduku kitupu, kwa sababu tableti zenyewe zilikuwa kuukuu na emoji hiyo, yaani kipicha cha alama yake, ilizaliwa zikiwa tayari zimezeeka.

Kayano Sugie, aliyetumwa na kampuni iliyotengeneza programu hiyo, alichuchumaa mbele ya mtoto. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alimuuguza mama mkwe wake miaka tisa, akarudi kazini, wakampa kiti cha dirishani: meza unayo, chai unayo, kazi huna, ukae hapo mpaka aibu ikutoe yenyewe. Haikumtoa. Alikaa dirishani akajifunza yote yaliyompita, na waliomcheka wakacheka mpaka wakachoka, wakaanza kumtuma kazi ndogondogo.

"Bibi, wewe ndo umenitoa?" Gaku aliuliza.

"Bibi nani? Mimi bado mbichi! Sijakutoa. Ijumaa nakurudisha."

Kwa nini alitaja Ijumaa, hata mwenyewe hajui. Lakini Mwalimu Mkuu Okuyama alikuwa nyuma yake na masikio yake ni mazima.

"Ijumaa, vizuri," alisema mama yule kwa upole wa kutisha. "Vinginevyo Jumatatu tunarudi kwenye daftari letu, na tableti mtakuja kuzichukua."

Ofisini, wakati wa chakula cha mchana, mkuu wa kitengo, Tachihara, kijana wa miaka thelathini na mmoja, hakuinua hata macho. "Kayano-san, mbona unajitafutia makubwa? Mpe mtoto ua la tulipu. Tulipu inaonekana kwenye kila mashine."

"Mkuu, na kadi yako ya kazi tukiichapa kwa jina la jirani yako, kwa kuwa linachapika vizuri, utaipokea?"

Watu walijificha nyuma ya mabakuli yao ya supu. Tachihara hakucheka.

Dawa Kayano aliipata Jumatano. Ilikuwa maktaba, yaani furushi la msimbo wa kompyuta ulioandikwa na watu wengine na kuachwa bure kwa yeyote: unalichomeka kwenye programu yako, na kila inapotokea emoji, linaiondoa na kubandika mchoro wake kamili, mashine iwe inaijua au haiijui. Mistari sita tu. Kwenye kompyuta yake kitunguu saumu kikatokea, kinene, cheupe. Kayano alipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Alhamisi Kayano akaenda chekechea, Tachihara naye akajipeleka. Gaku akabonyeza. Kisanduku kilikuwa kimeondoka kweli, na mahali pake pakakaa kipicha kilichochanika. Furushi lilikuwa linafuata michoro kwenye intaneti, na tableti za chekechea, kwa usalama wa watoto, zimefungiwa intaneti. Gaku akaanza kulia.

"Si nilisema tulipu?" alisema Tachihara, tena kwa sauti, mbele ya walimu. Huyu naye! Mtu mzima kujigamba mbele ya mtoto anayelia!

Kayano aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha ikaja hasira, na hasira ya Kayano ni mfanyakazi hodari. Alirudi ofisini, akaishusha michoro yote, ikawa zaidi ya elfu tatu. Akaipakia ndani ya programu yenyewe na kuliagiza lile furushi litafute nyumbani, lisitoke nje. Tableti ya majaribio ikalemewa, ikazima. Akapunguza. Akabakisha michoro ya alama tu, mia mbili na kumi. Ikawaka. Akaikata intaneti kwa mkono wake. Ikawaka tena!

Ijumaa asubuhi Gaku alikuja mbio, akabonyeza kwa kidole chenye glavu, hola. Akaivua kwa meno, akabonyeza tena. Kengele ikalia, kitunguu saumu kikajaa kioo kizima.

"Nimo!" alipiga kelele. "Nimo! Mwalimu, nimo!"

Konokono na nyangumi wakashangilia kama timu imefunga bao. Mwalimu Mkuu Okuyama aliinama mbele ya Kayano, akainama tena zaidi. "Tableti zibaki," alisema. Tachihara, aliyekuwa amekuja tena, naye aliinama, na shingo yake, kumbe, inakunjika vizuri tu.

Mchana huo Tachihara alikwenda mwenyewe mpaka dirishani kwa Kayano, kompyuta mkononi.

"Kayano-san, samahani, kuna hitilafu. Yule mtoto, orodha ya leo waliyotuletea chekechea inasema ameingia mara arobaini na moja."

Kayano alitazama orodha. Kitunguu saumu, kitunguu saumu, kitunguu saumu, mpaka chini ya ukurasa. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Nitairekebisha Jumatatu, Mkuu. Leo mwache aingie."