Hisia kwa Alama Kumi

Shuleni kwetu hakuna aliyemwita mwalimu mwenzangu huyu kwa jina lake. Alikuwa Mashine, na lakabu hiyo aliipenda kuliko jina alilopewa na mama yake. Karatasi arobaini alizimaliza kabla chai yangu haijapoa. Meza zetu ziko pua na mdomo, kwa hiyo sikusimuliwa, niliona kwa macho yangu. Miaka ishirini na miwili kazini, na sikuwahi kumwona akisoma sentensi mpaka kwenye nukta.

"Dada, wewe unasoma," alizoea kuniambia huku kalamu nyekundu ikiparura. "Kusahihisha si kusoma. Unatafuta maneno, unaweka alama ya vema, unaendelea."

Maneno yenyewe aliyaorodhesha katika mwongozo wake wa kusahihisha, karatasi aliyoikunja mara nne na kuitunza kwenye mfuko wa shati. Swali likihusu hisia za wahusika, mtoto alitakiwa kuandika "furaha" au "huzuni", na katikati atie "lakini" au "wote wawili". Basi, kazi imekwisha. Watoto nao si wajinga. Kuna mmoja aliyeandika "furaha huzuni lakini wote wawili" kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, akapata tisa. Moja ilikatwa kwa sababu ya uchafu.

Mwisho wa mwaka huo mwalimu mkuu aliamua tubadilishane madarasa wakati wa kusahihisha ili mtu asipendelee wanafunzi wake, na watoto waandike namba badala ya majina. Darasa langu la tatu likamwangukia Mashine. Asiyefikisha alama tano angerudia darasa. Na humo alikuwamo binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka tisa, mpole, anayefikiri kwanza ndipo aseme. Namba yake, ishirini na saba, tuliijua mimi na yeye tu. Baba mtu hata hakuuliza. Nikamsifu moyoni kwa uadilifu wake, masikini mimi.

Hadithi ya mtihani ilikuwa fupi. Mtoto amepanda harage kwenye kopo dirishani. Siku mmea unapotoa ua la kwanza, analibeba kopo hadi kwa baba yake anayesoma gazeti. "Vizuri sana, mwanangu," anasema baba, macho gazetini. "Asante, baba," anajibu mtoto, na kulirudisha kopo dirishani. Swali: linganisha hisia za baba na za mtoto.

Mwongozo wa Mashine ulisema wote wawili wana furaha, kwa kuwa mmoja amesifu na mwingine ameshukuru. Nilimuuliza kama ana hakika. Alinitazama kama vile nimemuuliza mbili jumlisha mbili.

Sasa, Mashine alikuwa na mchezo wake kila anaporudisha karatasi. Jibu bovu kuliko yote alilisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza, watoto wacheke, kisha mwenye namba asimame aonekane. Aliuita mchezo huo dawa. Miaka mingi nilimtazama akiitoa dawa hiyo, na nilikuwa nikicheka. Naona haya kusema hivyo, lakini nilicheka.

Siku aliporudisha karatasi hizo nilikaa nyuma, darasani kwangu. Akachomoa karatasi moja kwa vidole viwili, akaanza kwa sauti nyembamba:

"'Baba hajafurahi wala hajahuzunika kwa sababu hajaliona ua. Mtoto amehuzunika, ila amesema asante ili baba aendelee kusoma. Mtoto anajua baba anavyojisikia. Baba hajui mtoto anavyojisikia. Hapo ndipo wanapotofautiana.'"

Watoto waliangua kicheko, maana sauti ile iliwaambia wacheke.

"Sifuri!" akasema Mashine. "Eti hajaliona ua! Kwani baba wa watu kipofu? Haya, namba ishirini na saba, simama tukuone, mtaalamu wetu."

Ningeweza kumzuia. Tangu sentensi ya kwanza nilijua nani kaandika. Binti akasimama, mikono nyuma. Kicheko kikakatika.

Mashine akamtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Mwandiko ule ulikuwa kwenye madaftari yaliyolala mezani kwake nyumbani kila siku, na alikuwa ameuchorea sifuri asiutambue.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, mwalimu." Shuleni alitakiwa kumwita hivyo. Ilikuwa amri ya nyumbani.

"Nani kakufundisha kujibu hivi?"

"Hakuna, mwalimu. Nilisoma hadithi."

Ofisini Mashine aliketi, akaitoa hadithi, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

"Dada, hivi kweli hakuliona ua?"

"Umesoma mwenyewe."

"Na hawa wote walioandika furaha?"

"Mwongozo wako uliwapa ngapi?"

Akaifuta sifuri kwa mistari miwili, akaandika kumi, na chini yake "Vizuri sana". Akaomba nimwite binti. Nilikwenda karibu mbio, kwa sababu nilitaka kusikia atakavyomwambia.

Tuliporudi, mwalimu mkuu alikuwa mlangoni akizidai alama za darasa la tatu, zinahitajika sasa hivi. Mashine alikuwa ameinamia fomu, akijaza namba baada ya namba. Mkono wa kushoto ukanyoosha karatasi.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema, macho kwenye fomu.

Binti aliipokea. Alisimama kidogo, akingoja. Kisha akaikunja mara nne, kama baba yake afanyavyo.

"Asante, baba," akasema, akaenda zake.

Hata kosa la kumwita baba hakulisikia. Alikuwa ameshafika namba ishirini na nane.