Fulana ya Chawa

Baba mdogo, katibu wa chama katika tawi letu la Katandala, alikuja asubuhi ya mkutano akiwa na mfuko wa fulana. Nilimwamkia.

"Marahaba, msomi wetu," akasema, akanirushia moja. Kifuani iliandikwa CHAWA NAMBA MOJA. "Hii ya chawa ni yako. Ukae mbele, mkubwa wa chama kutoka wilayani akuone. Ile kazi ya ofisini iko mkononi mwake."

Tangu nimalize chuo nilikuwa nakaa nyumbani, na kazi ile nilikuwa naiota.

Chama kilikuwa kinatafuta mgombea urais, na matawi yaliitwa yatoe maoni. Jina lilikuwa moja. Watu wangeulizwa, wangejibu ndiyo, wangecheza muziki, wangekula pilau. Wapinzani nao, niliowaamini nikiwa chuoni, majina yao yalikuwa mawili na wenye majina walirushiana viti.

Lakini kilichonichefua zaidi ni lile neno. Mdudu wa kwenye mshono wa nguo, anayeishi kwa damu ya mwenzake, leo watu wazima wenye wajukuu, wanaoishi kwa kuwasifu wakubwa, wanajiita hivyo huku wakicheka. Nilikaa kitandani nikiigeuzageuza fulana. Nikiivaa leo, nitaivua lini? Nikipata kazi, atakayekuwa ameajiriwa ni mimi au chawa? Na picha je, zitakazobaki kwenye simu za watu? Nikaiacha kwenye kiti, nikaenda kuoga.

Niliporudi, bibi alikuwa jikoni, anaikoroga fulana kwa mwiko ndani ya sufuria inayochemka. Alikuwa amemsikia baba mdogo.

"Mitumba hii," alisema. "Anamletea mtoto nguo ina chawa, na anatamka kabisa, hana hata haya."

Herufi zilikuwa zimebanduka, zinaelea juu ya maji. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimepata sababu ya kutokwenda, na wala sikuitunga mimi.

Baba mdogo alipokuja kunichukua alicheka hadi akashika ukuta. "Mama, chawa wa siku hizi hawafi kwa maji ya moto." Akaingiza mkono kwenye ule mfuko wake, akatoa fulana nyingine.

"Nina baridi, baba mdogo," nilisema. "Nabaki na sweta."

"Ivae juu ya sweta."

Nilimtazama bibi, nikaitazama fulana. "Hapana."

Hakugomba. Aliikunja taratibu. "Wasomi. Haya, kaa na cheti chako. Hiyo kazi wapo wanaoitaka."

Muziki wa mkutano ulipoanza kusikika, nilikuwa bado jikoni, naifikiria ile kazi. Bibi alivuta kigoda karibu na moto.

"Ile nguo uliishika," alisema. "Njoo nikuangalie kichwa."

Nikakaa chini, nikainama.